Boksi Kwanza, Taa Baadaye: Utandazaji wa Nyaya za Taa za Nje Pembezoni mwa Dar es Salaam

Mada kwa semina ya mafundi umeme wa Kinondoni na Temeke

1. Utangulizi

Nyumba nyingi za Bunju, Mabwepande, Mbagala na Chamazi hujengwa kidogo kidogo. Familia huhamia kwanza, fensi hufuata, taa za geti huja mwisho kabisa. Ndiyo maana taa hizo hazimo kwenye mchoro wa awali. Fundi hudandia waya wa taa ya baraza, huulaza juu ya ukuta na kufunga maungio kwa selotepu. Hoja yangu ni kwamba udhaifu wa taa za nje uko kwenye maungio kuliko kwenye balbu, hivyo fedha ya mteja ianzie kwenye boksi.

2. Maji huingiaje

Masika, Machi hadi Mei, mvua hupiga ukuta kutoka ubavuni. Kunduchi na kwingine pwani, hewa ya chumvi hula skrubu na vichwa vya waya. Hata boksi lililozibwa vizuri hupata maji: usiku hewa ya ndani hupoa na unyevu hugeuka matone. Kwa hiyo nyaya ziingilie chini, zikining'inia kidogo kabla ya kupanda ili matone yadondokee nje. Boksi lenye tundu la kutolea maji lifungwe tundu likiwa chini.

3. Alama ya IP

Tarakimu ya kwanza huhusu vumbi, ya pili maji. IP44 huhimili maji ya kurukia. IP65 huzuia vumbi lisipenye na huhimili maji ya mpira. Lakini ukitoboa boksi la IP65 na kupitisha waya bila glandi, alama hiyo haina maana tena.

4. Uvujaji na LUKU

Taa inayojiwasha giza likiingia ina umeme kwenye maungio yake mchana kutwa. Yakivujisha ampea 0.1 kwa volti 230, hizo ni wati 23: zaidi ya uniti 16 kwa mwezi. Kwa mteja wa kundi la bei la matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, huo ni mzigo. Hatari kubwa zaidi ni mtoto kushika geti la chuma lililopata umeme.

5. Mapendekezo

(a) Taa za nje ziwe na sakiti yake, yenye kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30. Bonyeza kitufe chake cha majaribio mara kwa mara.
(b) Waya wa ethi ufike kwenye kila taa ya chuma.
(c) Maungio yawe ya konekta, ndani ya boksi.
(d) Waya wa ardhini uwe wa deraya, au upite ndani ya bomba.
(e) Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Kwenye makadirio, andikeni boksi, glandi na konekta kila kimoja na bei yake. Vikifichwa ndani ya neno "vifaa", mteja akiomba punguzo ndivyo vitakavyokatwa kwanza.