Chanjo ya Saratani ya Damu Inaanzia Maabara

Wengi wetu tuliozaliwa Unguja tuna kovu dogo mkononi, alama ya BCG, chanjo ya kifua kikuu. Chanjo hiyo hiyo ilijaribiwa Ufaransa dhidi ya saratani ya damu. Mwaka 1969 daktari Georges Mathé alichapisha matokeo ya wagonjwa 30 ambao dawa zilikuwa zimeutuliza ugonjwa wao. Kumi hawakuchanjwa, na ugonjwa uliwarudia wote ndani ya siku 130. Wengine 20 walipewa BCG, au seli za saratani zisizoweza tena kuzaana, au vyote viwili. Baadhi yao walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa. Waingereza walipojaribu BCG, matokeo yao ya 1971 hayakuonyesha faida. Wako waliouona huo kuwa mwisho wa jambo. Mimi naona kilichoshindwa ni kuiamsha kinga bila kuionyesha adui wake.

Kwamba kinga yaweza kuua seli za lukemia, yaani saratani ya damu, hilo limethibitika. Mwaka 1990, nchini Ujerumani, Hans-Jochem Kolb na wenzake walieleza wagonjwa ambao lukemia iliwarudia baada ya kupandikizwa uboho. Walipoongezewa seli nyeupe za ndugu aliyewachangia, ugonjwa ulitoweka. Swali lililobaki ni namna ya kuzifundisha seli za mgonjwa mwenyewe. Ralph Steinman alikuwa amekwishazitambua, mwaka 1973, seli za dendriti, ambazo humeza vipande vya adui na kuzionyesha seli T, askari wa kinga, kitu cha kushambulia. Huko Boston, David Avigan na wenzake waliziunganisha seli hizo na seli za lukemia za mgonjwa mwenyewe, wakamchanja. Mwaka 2016 waliripoti kuwa kati ya wagonjwa 17, 12 walikuwa hai bila ugonjwa kurudi baada ya takriban miaka mitano. Idadi hiyo inatia moyo, lakini utafiti haukuwa na kundi la kulinganisha, na waliochanjwa ni wale tu ambao ugonjwa wao ulitulia vya kutosha. Ni sababu ya kuendelea kutafiti, si ruhusa ya kuahidi tiba.

Tazameni kinachofanana Ufaransa na Boston: chanjo ilikuja baada ya dawa kupunguza ugonjwa. Lukemia ikishajaa katika uboho huzidhoofisha seli T zenyewe, kwa hiyo chanjo haiwezi kuchukua nafasi ya dawa. Kazi yake ni kufuta mabaki ya ugonjwa. Mtu ataniuliza, basi yatuhusu nini sisi, ambao wagonjwa wetu wengi wa saratani huvuka bahari kwenda hospitali za Ocean Road au Muhimbili huko Bara? Yatuhusu kwa sababu chanjo inadai yale yale yanayomwokoa mgonjwa leo: damu ipimwe mapema mtoto anapopauka na kupata michubuko bila kuumia, uboho usomwe na mjuzi, dawa zisikatike, damu ya kuongezewa ipatikane. Wengine watasema tusubiri wenzetu wamalize utafiti, kisha tununue. BCG inatuonya hapa pia: dhidi ya kifua kikuu iliwakinga vizuri vijana wa Uingereza, lakini katika jaribio kubwa la Chingleput, India, haikuonyesha kinga kwa watu wazima. Matokeo ya chanjo hayahami kutoka nchi hadi nchi bila kupimwa upya.

Naiomba Wizara yetu ya Afya, pamoja na vyuo vyetu, iwasomeshe vijana wa Unguja na Pemba kusoma uboho na kuhesabu mabaki ya lukemia, na iwape maabara ya kufanyia kazi hiyo hapa hapa hospitali ya Mnazi Mmoja.