Tusikifungie Mlango Kitochi

Msikilizaji, huenda sauti hii inakufikia kupitia simu ya vitufe, waya wa hedifoni ukiwa umechomekwa kwa sababu ndio antena yake. Leo nazungumzia simu hiyo hiyo: kitochi, kiswaswadu, au mulika mwizi kama waisemavyo ndugu zetu wa Kenya. Wapo wanaoionea aibu, wakiitoa mfukoni hujigeuza pembeni. Wapo pia wanaoisifu kana kwamba haina kasoro, na wengi wao wana simujanja mfuko wa pili. Sikubaliani na upande wowote kati ya pande hizo mbili.

Sifa zake ni za kweli. Mwaka 2003 Nokia ilitoa modeli ya 1100: tochi kichwani, vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisipenye, ubavu usioteleza mkononi. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Walioiunda walimfikiria mtu anayetembea usiku kwenye njia isiyo na taa, na anayeishi mbali na umeme.

Kisha kuna suala la matengenezo. Mpelekee fundi wa Kariakoo kitochi kilichozima uone. Anavua kava kwa ukucha, anachomoa betri, anasugua zile shaba tatu zilizoingia kutu, anarudishia, simu inawaka. Betri ikiwa imevimba anakuwekea nyingine, BL-5C, ambayo inaingia kwenye Nokia za aina nyingi na hata kwenye redio ndogo za mkononi. Simujanja nyingi za leo betri imegandishwa kwa gundi. Kuitoa kunataka joto, vifaa na mkono wenye uzoefu. Na jambo moja ambalo halisemwi sana: kitufe cha 5 kina kijinundu. Asiyeona hukipapasa, akajua namba nyingine zote zilipo, akampigia amtakaye bila kuomba msaada wa mtu. Kioo laini hakimpi hilo.

Lakini nguvu kubwa ya kitochi haiko ndani ya kitochi chenyewe. M-Pesa ilipoanza Kenya Machi 2007, na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, haikudai intaneti. Hapa kwetu unabonyeza nyota, 150, nyota, sifuri mbili, reli, na menyu inakuja kwa maandishi matupu. Simu ya bei ya chini kabisa inapata huduma ile ile anayoipata mwenye simu ya milioni mbili. Tazama kitochi cha mama muuza samaki: rangi imebanduka zaidi kwenye nyota na kwenye reli kuliko kwenye kitufe kingine chochote.

Sasa kasoro zake, nazo si ndogo. Umenunua umeme wa LUKU, tarakimu 20 zinaingia kwa meseji. Kioo ni kidogo, macho yamechoka, inabidi mtu aziandike kwenye karatasi ndipo akabonyeze kwenye mita. Menyu ya malipo nayo ina haraka: ukichelewa kujibu inajifunga, unaanza upya. Matokeo yake bibi humkabidhi wakala au mjukuu simu pamoja na namba ya siri. Kwa hiyo msikubali mkiambiwa kwamba kitochi ni salama kwa sababu hakina intaneti. Meseji za matapeli, zile za "hiyo hela tuma kwenye namba hii", zinaingia humo humo, na vitochi vingi havijawekewa hata neno la siri la kuvifungua. Kikiibwa, mwizi anasoma kila kitu.

Kubwa zaidi ni kwamba mwenye kitochi anaachwa nje polepole. Shule inatangaza kikao cha wazazi kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi mwenye kitochi anasikia kikao kikiwa kimeisha, halafu anaitwa mzazi asiyejali. Hili linaniuma. Kosa hapo si la simu wala la mzazi, ni la aliyechagua njia moja tu ya kutangaza. WhatsApp yenyewe iliacha kuhudumia Nokia za mfumo wa S40 mwishoni mwa 2018. Kuna nchi zimeshazima mtandao wa 2G; Singapore ilifanya hivyo Aprili 2017, na kitochi kinachotegemea 2G peke yake hakipigi simu tena kule, hata kiwe kipya kutoka kwenye boksi.

Siwaombi watu wakatae simujanja. Anayeweza kuinunua na kumudu bando, ainunue. Nawaomba wakuu wa shule, wasimamizi wa hospitali, mabenki na mamlaka za maji: mnapoanzisha programu mpya ya simu, acheni na huduma ya nyota na reli iendelee kufanya kazi, na tangazo la kundini litumwe pia kwa meseji ya kawaida. Nawe uliyeko mjini, ukimnunulia mama simujanja sikukuu hii, kaa naye mpaka aweze kutuma pesa mwenyewe bila kumpa mtu namba ya siri. Kile kitochi chake usimnyang'anye. Mnunulie betri mpya.