Hayupo Hapa: Uvumi na Utafutaji wa Mtu Aliyepotea Mlimani



Julian Sands alikuwa mwigizaji wa Kiingereza aliyejulikana sana kwa filamu ya mwaka 1985, A Room with a View. Alikuwa pia mpenzi wa milima wa miaka mingi. Tarehe 13 Januari 2023, akiwa na umri wa miaka 65, alikwenda peke yake Mount Baldy, mlima wenye kimo cha mita 3,068 katika safu ya San Gabriel, karibu na jiji la Los Angeles. Hakurudi, na jioni hiyohiyo familia yake ikatoa taarifa. Ndugu zangu mliotoka Moshi na Arusha naona mnatabasamu, kwa kuwa kimo hicho hakifiki hata kituo cha Horombo cha Kilimanjaro. Lakini wiki zile California ilikuwa ikipigwa na dhoruba moja baada ya nyingine, na mteremko ulioganda hauulizi umepanda milima mingapi mirefu kuliko huo.

Waokoaji wa ofisi ya sherifu wa San Bernardino waliingia mlimani mara moja. Usiku wa pili wale wa ardhini wakaondolewa kwa hofu ya maporomoko ya theluji, zikabaki helikopta na droni, hali ya hewa ikiruhusu. Alama za simu yake zilizonaswa zilionyesha kwamba alikuwa ameelekea juu zaidi, kwenye mgongo wa mlima. Baada ya hapo, kimya. Hata katikati ya Juni, walipopanda watu zaidi ya 80 kwa mpigo, yalikuwapo makorongo ambayo hayakufikika kwa sababu ya barafu na theluji yenye kina cha zaidi ya mita 3. Tarehe 24 Juni watu waliokuwa wakitembea tu mlimani wakakuta mabaki ya mwili. Siku tatu baadaye ikathibitishwa kuwa ni yeye. Ofisi iliyochunguza kifo ilipoulizwa chanzo chake, iliandika kwamba hakikuweza kubainika kutokana na hali ya mwili.

Kati ya Januari na Juni kuna zaidi ya miezi mitano, na miezi mitano ni muda mrefu sana kwa watu wenye simu mkononi. Sitawachosha kwa kurudia yaliyosemwa katika kisa hiki au kingine. Anayefuatilia habari za watu waliopotea milimani atakuwa ameona kwamba tetesi zake hazina ubunifu mkubwa: amejificha mwenyewe, ameuawa na mtu wa karibu, au wakubwa wanajua na wanaficha. Jina la mlima hubadilika, hadithi hubaki zilezile. Kwangu mimi, ninayesoma mawasiliano ya umma, jambo la kuchunguza si kwamba watu wanakisia. Kukisia ni haki ya kila mwenye akili, na mwokoaji naye anakisia kutwa nzima. Ninachotaka tukiangalie jioni hii ni kile ambacho kila upande unakifanya baada ya kuambiwa: tumetafuta pale, hayupo.

Nianze na upande wa waokoaji, kwa kuwa wao wana hesabu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la majini la Marekani lilikuwa na shida ya kuzitafuta nyambizi za adui katika bahari isiyo na mwisho. Mwanahisabati Bernard Koopman na wenzake wakaijengea shida hiyo nadharia, na nadharia hiyo leo ndiyo inayoongoza utafutaji wa watu nchi kavu. Inatenganisha maswali mawili ambayo sisi wengine huyachanganya. La kwanza ni hili: kuna uwezekano gani kwamba mtu yumo katika eneo hili? La pili: ikiwa yumo, kuna uwezekano gani kwamba sisi, kwa njia tunazotumia leo, tutamwona?

Tuchukue mfano. Tuseme wenye uzoefu wanakubaliana kwamba mtu yumo katika bonde fulani kwa asilimia 60, na asilimia 40 zilizobaki zimetawanyika kwingineko. Timu inapita bondeni kwa umakini kiasi kwamba, kama yumo, ingemwona kwa asilimia 70. Inarudi mikono mitupu. Je, tulifute bonde kwenye ramani? Hapana. Kati ya zile asilimia 60, theluthi mbili na ushei zimeshapimwa, zimebaki 18. Ukizilinganisha 18 na zile 40 za kwingineko, bonde bado linashika karibu asilimia 31. Limeshuka kwa nusu, lakini halijafa. Na kama siku hiyo theluji ilikuwa imefunika kila kitu, uwezo wa kuona haukuwa 70, pengine haukufika hata 10, na bonde limebaki karibu palepale lilipokuwa. Kwa hiyo “hayupo” ya Januari, chini ya theluji, si sawa na “hayupo” ya Julai. Mwokoaji anaporudi mahali alipokwisha kupita, hajachanganyikiwa. Anaendelea na hesabu.

Sasa tazameni jibu lilelile linavyofanya kazi upande wa pili. Helikopta imepita, haikuona mtu. Mwokoaji anapunguza namba yake kidogo. Mtunga tetesi anaruka hatua nzima: kama hawakumwona, basi hayumo, na kama hayumo mlimani, yuko wapi, na nani kamtoa? Tangu hapo kila utafutaji unaoshindwa unalisha hadithi. Watu wengi zaidi wakipanda bila kumpata, hadithi inanenepa. Ukiniuliza kasoro ya uvumi ni ipi, sitasema kwamba unakosea, maana mara mojamoja unapatia. Kasoro yake ni kwamba haukubali kuambiwa hapana.

Nisieleweke kwamba nawasifu wenye sare na kuwabeza raia. Aprili 2021, katika safu hiyohiyo ya San Gabriel, mwanamume mmoja alipotea njia. Kabla simu yake haijazima, alifanikiwa kumtumia rafiki yake picha ya miguu yake iliyopakaa masizi, ikining'inia juu ya mawe. Picha haikuwa na taarifa ya mahali ilipopigwa. Ofisi ya sherifu wa Los Angeles ikaitoa hadharani na kuomba msaada. Raia mmoja, mpenzi wa mitambo ya redio ambaye hakuwa amewahi kukutana na mtu huyo, aliikodolea macho. Masizi yalimwambia kwamba hapo palipita moto. Bondeni palionekana majani ya kijani. Akafungua picha za setilaiti, akatafuta mahali ambapo eneo lililoungua limekaribiana na kijani cha namna ile, kisha akageuza ramani huku na kule mpaka mstari wa vilima ukalingana na ule wa pichani. Akawapigia simu waokoaji, akawapa nukta. Mtu yule akapatikana hai, si mbali na nukta hiyo.

Angalieni yale ambayo raia huyu hakuyauliza. Hakuuliza kama jamaa alikuwa na madeni, wala kama kwa mkewe kulikuwa na amani. Aliuliza wapi. Tena jibu lake lilikuwa la aina ambayo rubani angeweza kuliangusha kwa nusu saa: unaruka, unatazama, yupo au hayupo.

Mfano wa pili una huzuni. Julai 1996 familia ya watalii wanne kutoka Ujerumani iliingia Death Valley, jangwa la California ambalo mwezi huo ni tanuri. Oktoba gari lao likakutwa katika korongo la Anvil, magurudumu matatu yakiwa hayana upepo. Msako mkubwa haukuwapata. Kwa miaka 13 wakazushiwa mengi, hata kwamba walipanga kutoweka na sasa wanaishi Amerika ya Kati. Mhandisi mstaafu, Tom Mahood, hakushughulika na maisha yao, alishughulika na ramani yao. Aliona kwamba upande wa kusini kuna eneo la kijeshi la China Lake, akajiuliza Mjerumani angewaza nini akiuona mpaka wa kambi ya jeshi kwenye ramani. Angewaza uzio, na askari wa doria wanaopita kila mara wakiwa na maji na gari. Nchini kwao ndivyo ilivyo. Kule jangwani mpaka ule ni mstari wa karatasini tu, hakuna uzio wala askari. Mahood na mwenzake wakatembea kuelekea huko, na Novemba 2009 wakakuta mifupa.

Mahood naye alikisia, tena alikisia yaliyomo ndani ya vichwa vya watu waliokwisha kufa, jambo ambalo mwanasayansi mkali angelikataza. Lakini dhana yake ilimlazimu avae viatu. Ingekuwa ya uongo, jua la jangwa lingemwonyesha.

Na kuna visa ambavyo hakuna mtunga tetesi angevibuni, kwa kuwa havina utukufu wowote. Oktoba 2021, kwenye mlima Elbert wa Colorado, waokoaji walimsaka mtu usiku huku wakimpigia simu tena na tena. Hakupokea. Alikuwa amepoteza njia, lakini hakupokea kwa kuwa hakuitambua namba. Aliipata tena njia, akafika alikofikia asubuhi, akashangaa kusikia kwamba alikuwa anatafutwa.

Gharama ya uvumi hulipwa na watu wa nyumbani. Mwaka 2024, katika kisiwa kimoja cha Hispania chenye milima mikali, kijana Mwingereza alipotea. Mama yake na marafiki zake walishutumiwa na watu wasiowafahamu kabisa, na wengine walipanda ndege kwenda kujirekodi wakicheza upelelezi. Mwili ulipopatikana bondeni ukiwa na majeraha ya kuanguka, sikumsikia mtu akifuta maneno yake. Waokoaji nao hupoteza saa kujibu simu za watu waliomwona marehemu kwenye kituo cha basi cha nchi nyingine.

Hapa naomba niwarudishe pwani kwetu kidogo, kwa kuwa swali la jamii ifanye nini wakati haijui si geni. Fiqhi ina mlango mzima kuhusu mafqudi, mtu aliyetoweka na habari zake zikakatika. Mabaharia wa majahazi walioondoka na kaskazi wasirudi na kusi waliwapa makadhi wetu kazi ya kutosha. Kanuni ya msingi ni kwamba aliyejulikana kuwa hai anahesabiwa hai mpaka upatikane ushahidi, au kadhi ahukumu baada ya muda wake. Mali yake hairithiwi. Mkewe haolewi. Khalifa Omar bin Khattab anapokewa kuwa aliamua mke asubiri miaka minne, kisha akae eda. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii, yana kauli mbili, na ile ya baadaye ni kali zaidi: asubiri mpaka iwepo yakini. Tunaweza kubishana kuhusu ukali huo, na akina mama wamekuwa na sababu nzuri za kubishana nao. Ninachokipenda mimi ni kwamba kutojua kumepewa utaratibu. Kuna anayeulizwa, kuna muda unaohesabiwa, kuna mambo yasiyoruhusiwa kufanywa kabla ya muda huo. Yule mchunguzi wa California aliyeandika kwamba chanzo hakikubainika angeelewana vizuri na kadhi wa Lamu.

Nasema haya si kwa kuwaza Marekani peke yake. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi Kilimanjaro mpaka Horombo, mita 3,720. Mpandaji anaweza kurusha picha akiwa bado anahema, na siku mtu akikosekana, makundi ya WhatsApp ya Moshi mjini yatapata habari kabla ya familia yake. Lakini mlima wetu una kitu ambacho Mount Baldy haukuwa nacho siku ile. Hakuna anayeruhusiwa kupanda peke yake. Anapitia langoni, anaandika jina, anaandika tena katika kila kituo anacholala, na amezungukwa na mwongozaji, mpishi na wapagazi. Kwa lugha ya Koopman, hao ndio wanaoshika swali la kwanza. Wanajua nani alianza kuumwa kichwa wapi, nani alibaki nyuma kupiga picha, ukungu uliteremka saa ngapi. Msako wa aina yoyote unaanzia hapo, pale alipoonekana mara ya mwisho.

Na hao ndio tunaowauliza mwisho. Katika taarifa zetu za habari za mlimani anazungumza ofisa, anazungumza mtalii, halafu anazungumza mtu aliyeko Dar es Salaam ambaye ameona video. Mpagazi aliyembebea mtu huyo begi hana nafasi, labda kwa kuwa anasema kwa kifupi na hana hadithi. Nimewaomba wanafunzi wangu wa uandishi wa habari wakae na watu hawa kabla ya ajali, si baada yake, wajifunze majina ya makorongo na vijito kama wanavyoyataja wao. Mwandishi asiyejua korongo lipi liko wapi hawezi kujua kama anachoambiwa kinawezekana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona muda wa maswali umewadia. Pale nyuma, karibu na mlango, yupo mzee aliyeongoza watalii kupitia njia ya Marangu tangu ujana wake, na tangu nilipotaja asilimia 31 anatikisa kichwa. Naomba kipaza sauti kianze kwake.