Mtoto Yuko Marekani, Cheti Kiko Nyarugusu

Msikilizaji wa Kasulu na Kibondo, leo tunazungumza na ndugu wa vijana waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu wakahamishiwa Marekani. Mtoto anapiga simu: anataka chuo, hana ada. Utamsaidiaje ukiwa huku?

Kwanza, mwambie ajaze FAFSA, fomu ya kuomba ruzuku na mikopo ya masomo ya serikali ya Marekani. Ni bure, na hujazwa upya kila mwaka. Aliyepokelewa kama mkimbizi anaruhusiwa kuomba. Akipata ruzuku ya Pell, kwa kawaida hairudishwi. Mkopo hurudishwa pamoja na riba, kwa hiyo asisaini kabla ya kuuliza. Anayedai pesa kumjazia fomu hiyo, amkwepe.

Pili, vyeti. Shule za Wakongo kambini hufuata mtaala wa Kongo, na cheti cha mtoto kimeandikwa kwa Kifaransa, hivyo chuo huweza kudai tafsiri ya Kiingereza. Kitafuteni sandukuni, mkipige picha safi, mmtumie.

Kuhusu kozi, msimlazimishe udaktari. Chuo cha jamii cha miaka 2 hugharimu kidogo, na anaweza kuhamia chuo kikuu baadaye.

Na wazazi, tafadhali: muhula wa kwanza, punguzeni kumwomba hela.