Dawa za Wazee na Kuanguka

Mvua ikinyesha Kericho na Bomet, vijia vya mashamba ya chai huteleza. Lakini mzee huweza kuanguka hata chumbani, akiinuka usiku kwenda msalani.

Wakati mwingine chanzo ni dawa. Za presha huweza kuishusha mno anaposimama ghafla; za usingizi, na baadhi ya zile za mafua na mzio, humtia kizunguzungu na kusinzia.

Kusanya dawa zote za nyanya au babu, za dukani na za mitishamba pia, uende nazo kliniki, iwe Longisa, Tenwek au hospitali ya rufaa Kericho. Uliza ipi ipunguzwe, ipi ibadilishwe. Usimwachishe dawa yoyote kabla ya kumwona daktari.