Somo la Leo: Ng'ombe Aliyevimba Tumbo

Fungueni madaftari, tuanze.

Ng'ombe anapokula, hewa nyingi hutokea katika tumbo lake la kwanza. Kwa kawaida huitoa kwa kupiga mbweu. Lakini akila kwa pupa majani mateke ya jamii ya kunde, hewa hiyo hugeuka povu. Povu halitoki kwa mbweu, basi tumbo huvimba.

Mtazameni ubavu wa kushoto. Hutuna, na ukiupiga kwa vidole hulia kama ngoma. Ng'ombe huacha kucheua, tena hupumua kwa shida. Aweza kufa kwa saa chache tu.

Mfanyeje? Mwondoeni malishoni. Msimamisheni kichwa kielekee juu ya mteremko. Mwiteni Bwana Mifugo upesi. Akiwa mbali, mnywesheni ng'ombe nusu lita ya mafuta ya kupikia, polepole, yasiingie mapafuni. Msimchome kisu kwa kubahatisha.

Kinga ni rahisi: asubuhi mpeni kwanza majani makavu, asiende malishoni na njaa.

Sasa andikeni jibu: ni ubavu upi hutuna? Kwaherini, mpaka juma lijalo.