NYAMA YA NG'OMBE SI YA BABA PEKE YAKE

(Hotuba ya Kamati ya Afya katika mkutano wa wanaushirika. Tumeibandika hapa kwa faida ya wasiofika. Anayejua kusoma amsomee mwenzake.)



Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, watu walipokaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya lishe. Leo nasi tunataka kujadili chakula kilichomo humu humu kijijini.

Ushirika wetu una bucha. Ng'ombe anachinjwa kila Jumamosi. Sasa tujiulize, jamani: nyama ile ikifika nyumbani anaila nani? Tunajua sote. Minofu ni ya baba na mgeni. Mama anabaki na mfupa, watoto wanachovya mchuzi. Halafu mama akienda kliniki akaambiwa damu yake ndogo, tunashangaa!

Utafiti wa afya uliofanywa nchi nzima mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania, wenye miezi 6 hadi chini ya miaka 5, watoto 58 walikuwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake wa miaka 15 hadi 49, walikuwa 45 katika kila 100. Sababu ni nyingi: kuna malaria, kuna safura, na kuna chakula kisicho na madini ya chuma ya kutosha. Hapo kwenye chakula ndipo nyama inapotusaidia.

Mwili hutumia madini ya chuma kutengeneza damu. Maharage na mchicha yanayo, lakini mwili huyapata kwa shida. Yale ya kwenye nyama mwili huyachukua kwa urahisi zaidi. Tena nyama kidogo ikiliwa pamoja na mboga, huusaidia mwili kupata hata madini ya ile mboga. Nyama ina protini ya kujenga mwili, ina zinki ya kumsaidia mtoto akue na kupigana na maradhi, na ina vitamini B12. Eti nguvu yote imo kwenye supu? Hapana. Sehemu kubwa ya protini na chuma inabaki kwenye nyama yenyewe.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Robo kilo inatosha kuanzia. Ikatwe vipande vidogo, ipikwe na maharage au mboga za majani, na kila mtu apate chake. Mama mjamzito na watoto wapakuliwe kwanza.

2. Mtoto aliyetimiza miezi 6 aendelee kunyonya, na aanze kupewa nyama iliyoiva sana, ikatwangwa laini na kuchanganywa kwenye uji au ugali laini.

3. Kamulia ndimu au kula chungwa. Chai na kahawa zisubiri saa moja baada ya chakula, kwani huzuia madini ya chuma.

4. Usidharau nyama ya shingo au ya mguu. Bei yake ni nafuu na faida ni ile ile. Ini lina chuma nyingi, ila mjamzito asilizidishe kwa sababu ya wingi wa vitamini A.

5. Nunua nyama iliyokaguliwa, na uipike mpaka ndani isibaki nyekundu. Nyama mbichi huleta tegu. Ng'ombe akifa ghafla msimchune wala msimle. Huenda ni kimeta, na moto wa jikoni si kinga. Mwiteni bwana mifugo.

6. Vidonge vya damu vya kliniki viendelee kumezwa. Nyama haichukui nafasi ya dawa.

Na wale wa nyama choma kila jioni, nanyi tunawaambia: wataalamu wanashauri nyama nyekundu iliyopikwa isizidi nusu kilo kwa mtu kwa wiki, maana kuzidisha huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Punguza sahani yako, mkeo na wanao wapate. Asiyekula ng'ombe atumie dagaa, mayai na maharage.

Ndugu wanaushirika, tunaleta mapendekezo mawili. Kwanza, bucha yetu ikubali kupima robo kilo bila kumnung'unikia mnunuzi. Pili, nyumba yenye mjamzito au mtoto mdogo ikikosa fedha, ipewe robo kilo kwa wiki, na deni likatwe kwenye malipo ya mazao. Mapendekezo haya yatapigiwa kura mkutano ujao. Akina baba, njooni pamoja na wake zenu, maana wao ndio wapishi na ndio wenye upungufu.



Kamati ya Afya